Duka langu la mtandaoni lilifungwa usiku mmoja: nilivyojijengea la kwangu kwenye seva, hatua kwa hatua

Leo nina mkasa na somo, vyote kwa pamoja. Ni mrefu kidogo, kwa hiyo kama una mteja mbele yako mhudumie kwanza, halafu urudi. Chukua na daftari.

Mimi nauza vitenge hapa Tunduma. Anayeijua Tunduma anajua mji wenyewe: malori yamepanga foleni kuelekea Zambia, Nakonde unaiona kwa macho, na barabara ya Sumbawanga inachepukia hapa hapa. Tangu kituo cha pamoja cha forodha kifunguliwe mwaka 2019 mambo ya mpakani yamenyooka kidogo, lakini fremu nzuri bado ni ghali. Ndiyo maana mimi, kama wengi wenu, nilianzia kwenye simu. Napiga picha, naweka mtandaoni, mteja anaulizia, analipa kwa simu, mzigo unapanda basi. Vwawa, Mlowo, Mbeya, Sumbawanga, hadi Dar. Miaka mitatu nikaenda hivyo na nikawa na wafuasi wa kutosha.

KILICHONIKUTA

Ilikuwa Julai mwaka jana, msimu wa harusi. Kamati moja ya Vwawa iliniagiza sare doti 60. Mbali na hao nilikuwa na wateja wengine kama ishirini na kitu ambao tayari wameshalipa. Rangi, idadi, nani analetewa wapi, vyote vilikuwa kwenye meseji za ile akaunti.

Ijumaa usiku nikafungua simu, naambiwa akaunti yangu imesimamishwa. Sikuambiwa kosa. Nikajaza fomu, nikatuma picha ya kitambulisho, nikasubiri. Jumamosi kimya. Jumapili kimya. Jumatatu mhazini wa kamati akapiga: "Dada, mbona ukurasa wako hauonekani? Watu huku wanasema umetupiga."

Hilo neno liliniuma. Mimi sijawahi kumla mtu hela yake. Lakini jiweke kwenye nafasi yake: umetuma pesa kwa mtu unayemjua kwa picha tu, na picha zenyewe zimepotea. Ungesemaje?

Kilichoniokoa ni meseji za malipo kwenye simu. Zilikuwa na majina na kiasi. Ila meseji ya malipo haikwambii mteja alitaka ya bluu yenye maua au ya kijani. Nikapiga simu moja moja. Wengine walikumbuka, wengine walibadilisha mawazo hapo hapo, wengine walinitukana kwanza ndipo wakasikiliza. Doti 11 nilizipeleka siyo, nikazibadilisha kwa nauli yangu. Harusi ilifanyika na sare zilifika. Faida ya mwezi huo, we acha tu.

Akaunti ilirudi baada ya siku 19. Mpaka leo sijui nilikosea nini.

HAPA NDIPO NILIPOFUNGUKA MACHO

Kuuza kwenye akaunti ya mtandao wa kijamii ni kama kuweka meza kwenye kibaraza cha duka la mtu. Wateja wanapita wengi, kodi hulipi, lakini mwenye kibaraza akiamka vibaya anakwambia ondoa meza. Na wala si lazima akukasirikie wewe. Wengi mnakumbuka tarehe 4 Oktoba 2021: Facebook, Instagram na WhatsApp vilizimika dunia nzima kwa karibu saa sita. Siku ile hakuna aliyekosea isipokuwa wao wenyewe, lakini sote tulikaa bila kuuza.

Mdogo wangu anasoma mambo ya kompyuta Mbeya. Nikamweleza. Akasema, "Dada, wewe unahitaji mahali pako. Watu wakukute mtandaoni, sawa, lakini daftari la oda likae kwenye seva unayoilipia mwenyewe."

Nikamuuliza seva ni nini. Akanijibu kwa lugha yangu: "Ni fremu. Kuna kampuni ina majengo yamejaa kompyuta zinazowaka usiku na mchana. Wanakukodishia kipande cha kompyuta moja, wewe unaweka duka lako ndani. Ufunguo unakaa nao wewe."

Sasa basi, nitawapa hatua zote, pamoja na lile kosa kubwa nililofanya katikati. Usiruke sehemu hiyo.

UNAHITAJI NINI NA NI SHILINGI NGAPI

Jina la duka mtandaoni, yaani domeini. Majina yanayoishia na .co.tz yanasimamiwa na TCRA na unayanunua kwa mawakala waliosajiliwa. Unalipia kwa mwaka. Andikisha kwa jina lako na barua pepe yako mwenyewe. Nimeona watu ambao jina la duka lao limeandikwa kwa jina la fundi, siku wakigombana fundi anaondoka na bango.

Seva ndogo. Yangu ina RAM ya GB 1 na nailipia dola 6 kwa mwezi. Kwa shilingi inacheza kwenye 15,000 hadi 17,000, kutegemea dola imeamkaje. Hii ndiyo kodi ya fremu yangu.

Programu. Hizi ni bure kabisa. Mfumo wa kuendesha seva ni Ubuntu, aina ya Linux. Nilichukua toleo la 24.04, lile linalopata masahihisho ya usalama bila malipo hadi 2029. Duka lenyewe ni WordPress, ambayo ipo tangu 2003 na inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani, pamoja na nyongeza yake ya kuuzia inayoitwa WooCommerce.

Laptopu. Yangu ni ya mtumba na betri yake imechoka. Kumbuka hilo la betri, litarudi.

HATUA YA KWANZA: SHIKA FUNGUO

Ukishalipia seva unapewa namba, yaani anwani ya IP. Nenda kwa wakala aliyekuuzia jina, tafuta sehemu ya DNS, weka rekodi ya aina ya A inayoelekeza jina lako kwenye hiyo namba. Ni sawa na kumwelekeza mteja: ukifika Custom kunja kushoto. Wakati mwingine inachukua dakika chache, wakati mwingine saa kadhaa. Usihangaike.

Kisha kwenye laptopu unafungua lile dirisha la kuandikia amri na kuingia:

ssh root@namba-ya-seva

Kuanzia hapo kila unachoandika kinatekelezwa kwenye seva, hata kama iko Ulaya na wewe uko Mpemba. Cha kwanza ni kusasisha:

apt update
apt upgrade

Halafu jitengenezee mtumiaji wa kawaida, usizoee kuingia kama root:

adduser fundi
usermod -aG sudo fundi

Kisha tengeneza ufunguo wa SSH kwenye laptopu yako kwa amri ya ssh-keygen, upeleke kwenye seva kwa ssh-copy-id. Ukihakikisha ufunguo unafungua, zima kabisa kuingia kwa nywila. Mimi nilidhani mdogo wangu anazidisha. Akanionyesha kumbukumbu za seva: haijamaliza hata siku moja na tayari kulikuwa na mamia ya majaribio ya watu wasiojulikana wakibahatisha nywila ya root. Duka halina hata bidhaa moja na wezi wameshaanza kutikisa kufuli! Si kwamba wananijua. Ni mashine zinazopita namba kwa namba, kama mtu anayejaribu kila mlango wa gesti.

Baada ya hapo ni geti. Linaitwa ufw, na hapa kuna mpangilio wa kufuata:

sudo ufw allow OpenSSH
sudo ufw enable

Ruhusu OpenSSH kwanza ndipo uwashe. Ukigeuza, utajifungia nje na ufunguo uko ndani.

Na kwa seva ya GB 1, ongeza kumbukumbu ya akiba, ile wanayoiita swapu. Bila hiyo siku wateja wakiwa wengi hifadhidata inazimika yenyewe:

sudo fallocate -l 2G /swapfile
sudo chmod 600 /swapfile
sudo mkswap /swapfile
sudo swapon /swapfile

Ili irudi yenyewe kila seva ikiwaka upya, ongeza mstari huu kwenye faili la /etc/fstab: /swapfile none swap sw 0 0

HATUA YA PILI: WAFANYAKAZI WATATU

Duka la namna hii lina wafanyakazi watatu. Apache ndiye wa mapokezi, anapokea kila anayebisha hodi. PHP ni wa jikoni, anapika ukurasa kila mteja anapouliza. MariaDB ni karani, anashika daftari la bidhaa, bei na oda. Unawaajiri wote kwa mstari mmoja:

sudo apt install apache2 mariadb-server php libapache2-mod-php php-mysql php-curl php-gd php-mbstring php-xml php-zip php-intl

Kisha unamfungulia karani daftari. Andika sudo mariadb, halafu:

CREATE DATABASE duka;
CREATE USER 'karani'@'localhost' IDENTIFIED BY 'nywila-ndefu';
GRANT ALL PRIVILEGES ON duka.* TO 'karani'@'localhost';

Usisahau ile alama ya nukta na mkato mwishoni mwa kila mstari. Mimi ilinila nusu saa, nabonyeza na hakuna kinachotokea. Na hiyo nywila ndefu iandike mahali salama, kwa sababu utaihitaji punde.

KOSA LANGU LA USIKU ULE

Mara ya kwanza mdogo wangu alinielekeza kwa simu, nikafuata njia ambayo maelezo mengi yanaifuata. Nikafungua geti kwa wote, nikachukua cheti cha usalama kile kinacholeta alama ya kufuli, nikapakia WordPress, nikaunganisha na hifadhidata. Nikafungua jina la duka langu kwenye simu na ukurasa ukatokea: karibu, andika jina la tovuti, jina la msimamizi, nywila. Nilifurahi mpaka nikaita mtoto aje aone.

Umeme ukakatika.

Laptopu ikazima hapo hapo, betri si mnaijua. Simu ilikuwa na asilimia 4. Nikasema si neno, kazi imebaki ya dakika mbili, nitamaliza asubuhi. Nikalala usingizi mzito kabisa.

Asubuhi nafungua, ule ukurasa wa kujaza jina haupo. Naambiwa WordPress imeshasimikwa, ingia kwa nywila yako. Nywila ipi? Sijaweka yoyote! Nikampigia mdogo wangu. Akakaa kimya kidogo, akasema, "Dada, kuna mtu amejaza ile fomu kabla yako."

Kumbe ule ukurasa wa mwisho hauulizi wewe ni nani. Yeyote atakayeufungua wa kwanza ndiye anakuwa mwenye duka. Nikabisha: "Jina nimelinunua juzi, hakuna binadamu anayelijua." Akanieleza jambo ambalo nataka kila mmoja wenu alijue. Ukichukua cheti cha usalama, jina lako linaandikwa kwenye orodha za wazi za vyeti ambazo mtu yeyote duniani anaweza kuzisoma. Orodha hizo zipo kwa nia njema, ili vyeti vya kughushi vigundulike. Lakini wezi nao wanazisoma, kwa mashine, saa zote. Jina jipya likitokea, wanakimbilia kuangalia kama kuna mtu ameacha mlango wazi.

Nikamuuliza kama naweza kubadilisha tu nywila. Akakataa. Aliyeingia kama msimamizi anaweza kupandikiza programu zake humo ndani, na wewe hutajua zimefichwa wapi. Ukibadilisha kufuli wakati mwizi yuko uvunguni hujafanya kitu. Tukaifuta seva yote, tukaanza upya.

Nashukuru lilikuwa duka tupu. Fikiria kama ningekuwa nimeshaweka majina na namba za simu za wateja, au namba ya kulipia. Angebadilisha namba ya malipo tu na mteja angemlipa yeye huku akiamini amenilipa mimi. Baada ya yaliyonikuta Julai, nani angeniamini tena?

HATUA YA TATU: NJIA SALAMA

Mara ya pili nilitumia saa tatu, kwa sababu kila amri nilikuwa nimeiandika kwenye daftari. Tofauti kubwa ilikuwa hii: sikufungua geti la wateja mpaka duka lipate mwenyewe.

Kuna kifaa kinaitwa WP-CLI, kinakuwezesha kusimika WordPress kutoka kwenye dirisha la amri bila kufungua ukurasa wowote. Ukishakiweka, futa kwanza faili la index.html lililokuja na Apache ndani ya /var/www/html, la sivyo wateja wataona ukurasa wa Apache badala ya duka. Mpe Apache umiliki wa folda:

sudo chown -R www-data: /var/www/html

Kisha ukiwa ndani ya folda hiyo:

sudo -u www-data wp core download
sudo -u www-data wp config create --dbname=duka --dbuser=karani --dbpass='nywila-ndefu'
sudo -u www-data wp core install --url=https://jinalako.co.tz --title="Duka la Vitenge" --admin_user=jina-gumu --admin_email=barua-yako --skip-email

Usipoandika nywila ya msimamizi, inakutungia yenyewe na kukuonyesha. Inakili papo hapo. Na jina la msimamizi lisiwe admin, ni la kwanza kubahatishwa.

Sasa ndipo unafungua geti:

sudo ufw allow 80
sudo ufw allow 443

Kwenye faili la mpangilio la Apache andika jina la duka lako kwenye mstari wa ServerName. Pakia certbot na uombe cheti:

sudo apt install certbot python3-certbot-apache
sudo certbot --apache -d jinalako.co.tz

Cheti ni bure, kinatolewa na Let's Encrypt. Kinadumu siku 90 na certbot inakihuisha yenyewe. Ukiona mtu anakutoza kwa mwaka "hela ya kufuli" ya duka dogo, muulize vizuri analipia nini.

Na umeme je? Chaji kila kitu kabla hujaanza. Usianze saa tatu usiku. Kazi ya mlango huanzi kama huwezi kuimaliza.

HATUA YA NNE: PANGA BIDHAA

Pakia WooCommerce, chagua shilingi ya Tanzania, na uweke sifuri kwenye idadi ya desimali. Hakuna mteja wa Tunduma anayetaka kuona 18,000.00.

Picha za simu ni kubwa, MB 3 au 4. Zipunguze zisizidi KB 200. Mteja wako anatumia bando lake, picha ikichelewa anaondoka.

Malipo. Sikuunganisha mfumo wowote wa kadi. Nilichukua ile njia ya malipo ya benki iliyomo humo, nikabadilisha jina lake kuwa "Lipa kwa simu" na kuandika lipa namba yangu. Mteja akiagiza, oda inakaa kwenye hali ya kusubiri na mzigo wake unapunguzwa kwenye hesabu ili mwingine asiuagize. Mimi nikiona pesa naithibitisha.

Angalizo: kuona pesa maana yake ni kuangalia salio au taarifa ya akaunti kupitia menyu ya simu yako. Meseji peke yake si pesa. Meseji za kughushi zipo, na ukitumiwa picha ya meseji ndiyo usiamini kabisa.

NILICHOJIFUNZA BAADA YA KUFUNGUA

Wiki ya kwanza mteja wa Sumbawanga aliagiza doti nne. Akasubiri siku tatu. Akapiga: "Dada, vipi, hata kunijibu?" Sikuwa na habari. Duka linatakiwa kunitumia barua pepe kila oda ikiingia, lakini hazikutoka. Kampuni nyingi za seva hufunga mlango namba 25 wa kutumia barua pepe ili kuzuia wasumbufu. Suluhisho ni kuunganisha duka na huduma ya kutuma barua kupitia mlango namba 587. Mpaka nilipoiweka sawa, nilikuwa nafungua ukurasa wa oda asubuhi na jioni kama mtu anayekwenda kuangalia kuku. Yule mteja nilimpunguzia nauli. Bado ananunua.

Jambo la pili ni bakapu, yaani nakala ya akiba. Nilikuwa nazitoa kila usiku kwa amri ya wp db export na nikajiona nimekamilika. Mdogo wangu akaniuliza swali moja: "Umeshawahi kuirudisha?" Sikuwahi. Tukakodi seva nyingine kwa saa chache, gharama yake haifiki hata soda, tukajaribu kurudisha duka kutoka kwenye nakala. Oda zikaja, majina yakaja, bei zikaja. Picha hakuna hata moja! Kumbe ile amri inanakili daftari la karani tu. Picha zinakaa kwenye folda ya wp-content. Sasa nanakili vyote viwili, nakala moja inabaki kwenye seva, ya pili inakuja kwenye laptopu, ya tatu iko kwenye flashi kwa mama. Na kila baada ya miezi mitatu najaribu kurudisha.

La tatu, masasisho. Kila Jumatatu naingia, nachukua nakala, ndipo nasasisha Ubuntu, WordPress na nyongeza zake. Nyongeza nisiyoitumia naifuta. Duka la kwenye seva yako ni kama pikipiki, usipobadilisha oili usimlaumu aliyekuuzia.

La nne, sheria. Ukishashika majina, namba na anwani za watu umeshika taarifa binafsi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kufanya kazi Mei 2023, na inawataka wanaokusanya na kuchakata taarifa hizo kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Fuatilia mapema. Na usimuulize mteja usichokihitaji. Mimi kuuza kitenge sihitaji tarehe yako ya kuzaliwa.

JE, HII NI KWA KILA MTU?

Hapana, na sitaki mtu atumie hela kwa sababu mimi nimeandika. Kama unapata oda kumi kwa mwezi, daftari la kaunta na orodha ya namba za wateja vinakutosha. Kama una oda za kutosha lakini huna muda wala mtu wa karibu wa kukusaidia, kodi hostingi ya kawaida ambapo kampuni inashughulikia usalama wa seva na wewe unaweka duka kwa kubonyeza. Utakuwa na uhuru pungufu kidogo, ila utalala. Seva yako mwenyewe inakufaa kama oda zinakuzidi, unaweza kutenga saa moja kila wiki, na uko tayari kujifunza.

Na sijaacha mitandao ya kijamii. Huko ndiko watu waliko. Naweka picha kama zamani, lakini chini naweka jina la duka langu. Anayependa anabonyeza, anaagiza, na oda inaandikwa kwangu.

Na daftari la karatasi bado lipo. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu, na intaneti ikasumbua Tanzania na nchi kadhaa za jirani. Siku kama ile hata seva yako hutaifikia. Kwa hiyo kila jioni nanakili oda za siku: jina, simu, rangi, idadi, amelipa au bado, basi gani. Dakika kumi tu.

Mwezi uliopita yule mhazini wa Vwawa alipiga tena. Wana harusi nyingine, doti 45. Nikamtumia jina la duka, akaagiza mwenyewe. Baada ya dakika tano akapiga: "Dada, naona oda yangu imeandikwa hapa, na rangi ipo. Safari hii ukipotea nina ushahidi."

Akacheka, na mimi nikacheka. Mzigo umeondoka jana na basi la asubuhi.